Nimefungiwa nje ya laptopu yangu kwa sababu ya herufi Y!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Laptopu yangu ni mtumba, niliichukua Kariakoo, kibodi ya Kijerumani: QWERTZ, Y imetupwa kule chini kushoto, jirani na X. Vidole vimeshaizoea. Jana usiku nikapiga Linux upya, ule mfumo unaoendesha kompyuta badala ya Windows. Ikauliza kibodi, nikachagua Kijerumani, nikajaribu kwenye kile kisanduku cha kujaribia, kila herufi ikatoka yenyewe. Nikachagua diski nzima ifungwe kwa nywila, nikaiandika mara mbili, ikakubali. Safi.

Nikazima, nikawasha. Skrini nyeusi, inataka nywila. Naandika, inakataa. Naandika kwa kidole kimoja, taratibu, inakataa. Na pale huoni unachoandika, ni nyota tu. Saa nane usiku nikaanza kudhani nimelogwa.

Kumbe pale mwanzoni mashine inasoma kibodi ya Kimarekani! Chaguo langu halikufika kwenye initramfs, ile inayoamka kabla diski haijafunguliwa. "Yetu" iliyomo kwenye nywila yangu inaingia kama "zetu". Kisarufi wala si kosa, ngeli imehama tu, ila diski haijui ngeli. Halafu kuna @ humo kwenye nywila: kwa Mjerumani ni AltGr na Q, kwa Mmarekani ni Shift na 2.

Nimeingia kwa kubahatisha: nabonyeza Z nikitaka Y, Shift na 2 nikitaka @. Kufungua faili la mipangilio ya kibodi, /etc/default/keyboard, nakuta XKBLAYOUT="us", yaani ya Kimarekani. Us ya nani? Nikaweka "de", ya Kijerumani, nikapiga amri ya kuisasisha ile initramfs, sudo update-initramfs -u, nikawasha tena, nywila ikapita mara ya kwanza.

Yaani nyie mliotengeneza kisakinishi, mmenichorea ramani ya dunia nzima ili nibonyeze Dar, mkashindwa kuandika neno moja tu pembeni ya kisanduku cha nywila: "kibodi: us"? Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura wenye AZERTY, kibodi ya Kifaransa, A na Q zimebadilishana, hata namba zinataka Shift, wao wanaponaje?

Na wewe unayejiandaa kuniandikia "tumia tu ya Kiingereza", pita kushoto. Vibandiko vya herufi nilishaviweka, vilibanduka ndani ya wiki.

Wenye Linux ambazo kibodi inapangwa kwenye faili la /etc/vconsole.conf, na kwenu iko hivi hivi?