MF 135 inavuja oili eksel ya nyuma, sili ya tatu hii na bado

mkulima_karatu
Wakuu habari za jioni. Nina Massey Ferguson 135 aliyoniachia mzee wangu, ya zamani kweli lakini injini bado inavuta na ndiyo inalima kwetu na kwa majirani. Shida ni tairi la nyuma kulia, oili inatokea nyuma ya dramu inatiririka mpaka kwenye ringi. Nimeshabadilisha sili (ile pete ya mpira inayozuia oili) mara mbili, hii ya tatu fundi kaifunga wiki tatu zilizopita, nimelima siku nne tu ikaanza kulowa tena. Breki ya upande huo haishiki kabisa, nikikanyaga zote mbili trekta inavutia kushoto na huku kwetu ni miinuko mitupu. Fundi mmoja anasema nitafute sili orijino, mwingine anasema niongeze oili tu niendelee hadi msimu uishe. Mvua zimekaribia na watu wameshanipa advansi. Nifanyeje?

fundi_dizeli
Pole sana mkuu. Swali la kwanza, fundi wako alibadilisha sili ngapi? Upande mmoja una sili mbili, ya ndani na ya nje, na katikati yake kuna beringi. Wengi wanabadilisha ya nje kwa sababu ndiyo inayoonekana imelowa, ile ya ndani inayozuia oili ya difu (gia za katikati ya eksel ya nyuma) wanaiacha imekauka kama plastiki, lazima itavuja tena.

Halafu kabla hujanunua kitu, inua hilo tairi likae hewani, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imekwisha, na hapo hata ulete sili ya dhahabu haikai, shafti inayumba inaipanua mdomo. Ukishaifungua pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa, kwenye shafti na kwenye kola inayobana beringi. Ukucha ukikwama kuna mfereji, oili inapita hapohapo. Kola ni ya kubadilisha, ile ya zamani inakatwa na grainda taratibu bila kugusa shafti, mpya inapashwa moto mpaka inateleza yenyewe mahali pake, usikubali mtu aipige nyundo ikiwa baridi. Kama mfereji uko kwenye shafti yenyewe kuna bushi nyembamba za kuvalisha juu, au isogeze sili milimita mbili hivi kama nafasi ipo, ili mdomo ukae sehemu laini.

Sili yenyewe, upande wenye springi unatazama oili. Ipake grisi mdomoni kwanza, maana ikianza kuzunguka kavu inaungua siku ileile. Igonge kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo ili iingie sawasawa, ikiingia kimshazari umeshaiharibu. Na zile shimu utakazokuta, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, usipoteze hata moja.

mama_ngano
Niko Narok, yetu ilikuwa hivyohivyo. Huyo anayekwambia uongeze oili uendelee usimsikilize kabisa ndugu yangu, hiyo oili ndiyo inayotumiwa na gia na haidroliki pia, ikipungua sana utaanza kuona mikono ya jembe inainuka kwa shida. Lakini kubwa ni breki. Mlimani na trela nyuma, breki inashika upande mmoja, trekta inageuka ghafla na kupinduka. Nimeona ikitokea kwa jirani na sitaki kuona tena.

Breki shuu zilizolowa usizioshe na petroli ukazirudisha, tulijaribu, zikipata moto oili inatoka tena ndani ya laini, ile bitana inayosugua dramu. Weka mpya, pande zote mbili ili zishike sawa. Dramu ndiyo unaosha.

kijana_wa_spea
Naongezea kidogo, angalia kipimo cha oili trekta ikiwa imesimama tambarare, isizidi, na usiiache imelala kwenye mteremko usiku kucha maana oili yote inaegemea upande wa chini. Matrekta mengi pia yana tundu la kupumulia, likizibwa na udongo joto likipanda presha inasukuma oili kwenye sili.

fundi_dizeli
Nilisahau usalama. Piga kabari za mbao kati ya eksel ya mbele na bodi pande zote mbili ili isilale ubavu, zuia matairi yaliyobaki chini, weka stendi chini ya eksel, usitegemee jeki peke yake. Na kama tairi lina maji yatoe kwanza, maji tu yanapita kilo mia.

mkulima_karatu
Asanteni sana. Nimempigia fundi, kweli alibadilisha ya nje tu, ya ndani hajawahi kuigusa. Na tairi nimelitikisa leo asubuhi, linacheza. Nimewapigia wenye mashamba nikawaomba siku tano, wawili wamekubali, mmoja nimemrudishia hela yake. Kesho naenda Arusha kutafuta beringi, kola, sili zote mbili na breki shuu za pande zote, nikifungua nitaleta picha ya shafti.

mama_ngano
Chukua vya pande zote mbili ukiweza. Kulia kukiwa hivyo, kushoto kuna umri uleule.