Kangaga la sebuleni limevamiwa na vidudu vyeusi, naomba ushauri (Goma)

MamaWaHimbi
Jambo wandugu. Nina kangaga kubwa, ile fujeri ya kuning'iniza, sebuleni karibu na dirisha. Lilikuwa limestawi hadi wageni wananiomba mche. Sasa machipukizi yanatoka yamepinda, na nikiyageuza naona vidudu vyeusi, vidogo sana, vimebanana kwenye vikonyo. Meza iliyo chini yake inanata. Naipangusa asubuhi, jioni inanata tena. Juu ya majani kuna vitu vyeupe mfano wa pumba, na sisimizi wanateremka kwa kamba. Halafu ncha za majani ya zamani zimekauka, sijui kama ni shida hiyohiyo.

Jirani ananishauri nipulize dawa ya nyanya, ile ya kuua wadudu shambani. Nina mtoto anayetambaa, naogopa. Na maji kwetu ni ya kununua kwa bidoni (dumu), kwa hiyo kusema niliweke chini ya bomba haitawezekana. Nifanyeje?

KijanaWaKatindo
Mama, hakikisha kwanza kama ni wadudu kweli. Kangaga halina maua wala mbegu, linazaa kwa spora, yaani chembe ndogo kama vumbi, na vifuko vya spora hukaa upande wa chini wa jani: vidoa vya kahawia vilivyojipanga kwa mistari, nafasi sawasawa. Nimeona watu wanavikwangua kwa kisu na kuumiza mmea bure.

MamaWaHimbi
Asante kaka. Hivyo navijua, viko kwenye majani yaliyokomaa. Hivi vinatembea, vina miguu myeupe, na vichache vina mabawa.

PapaTumaini
Hao ni vidukari. Kule kijijini maharage yakishambuliwa tunamwaga majivu, au tunachemsha tumbaku na kunyunyiza maji yake. Wanakufa wote.

BustaniKivu
Papa Tumaini, kwa heshima yote, tumbaku hapana. Nikotini iliyo ndani yake inaua vidukari kwa sababu ni sumu, na inapenya kwenye ngozi ya mtu. Shambani upepo unaipeperusha; sebuleni itabaki kwenye meza, kwenye viti, na mtoto anatambaa palepale. Majivu nayo yana chumvi kali inayobadilisha udongo, wakati kangaga linapenda udongo wenye uchachu kidogo. Dawa ya nyanya ndiyo mbaya kuliko zote: haikutengenezwa kwa ndani ya nyumba, na majani ya kangaga ni laini, yanaungua upesi.

Mama Himbi, adui huyu anashindwa kwa maji na kwa kurudia. Kidukari hahitaji dume ili azae. Jike anazaa watoto hai, na ndani ya wiki moja hadi mbili mtoto naye anazaa. Ndiyo maana mtu anaosha mara moja, anashangilia, kisha baada ya siku chache wamerudi. Ukiacha wachache waliojificha ndani ya chipukizi lililojikunja, umeacha ukoo mzima.

Kwa vile maji ni ya bei, tumia beseni. Teremsha chungu, ukitoe nje kwenye barza. Kata kwa mkasi majani yaliyojaa wadudu zaidi, uyafunge kwenye mfuko na kuyatupa. Usiyahurumie, kangaga linachipua kutoka shinani. Kisha funika udongo kwa mfuko wa plastiki, ukaze kwa kamba kuzunguka shina ili udongo usimwagike. Jaza maji kwenye beseni, pindua mmea kichwa chini, uyazamishe majani yote na kuyatikisa polepole. Utawaona wanaelea. Pitisha vidole kwenye kila chipukizi. Bidoni moja inatosha, na maji hayo utapigia deki. Rudia kila baada ya siku nne hivi, kwa wiki tatu, hata kama huoni mdudu.

Hizo pumba nyeupe ni magamba yao, kidukari hujivua anapokua. Kinachonata mezani ni maji matamu wanayoyatoa baada ya kufyonza utomvu, na sisimizi wanayafuata hayo. Yasiposafishwa, ukungu mweusi unaota juu yake na jani linakosa mwanga. Kwa hiyo osha kamba na ndoano pia.

MamaWaHimbi
Mungu akubariki. Na sabuni je? Nina sabuni ya unga ya kufulia na ile ya maji ya vyombo.

BustaniKivu
Ya unga iache kabisa, inachoma majani. Ukitaka kuongeza nguvu, tumia sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Jaribu kwenye jani moja tu, usubiri siku mbili. Likibaki kijani, pulizia mmea wote jioni, hasa upande wa chini wa majani, kisha suuza baada ya robo saa. Sabuni inamuua mdudu aliyeguswa tu, ikikauka haina kazi tena. Mafuta ya kupikia yaache kabisa, makangaga mengi hayayavumilii.

DadaWaBukavu
Mimi sikutumia sabuni hata kidogo. Niliosha kwa maji tu, na nikaacha kuweka mbolea mpaka mmea ukapona. Mbolea nyingi inaleta machipukizi laini, na vidukari wanapenda hayo. Mama, uliweka mbolea hivi karibuni?

MamaWaHimbi
Dada, samadi ya kuku, ndiyo. Naisimamisha.

KijanaWaKatindo
Kuhusu ncha zilizokauka: unamwagilia maji gani? Kama ni ya ziwa, maji ya Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka, na yakikauka kwenye chungu chumvi inabaki na kuchoma mizizi. Hiyo haihusiani na vidukari. Hewa kavu ya Julai na Agosti nayo inakausha ncha. Mvua ikianza, kinga maji ya paa, ila mvua ya kwanza iache ioshe bati. Na siku ambazo volkano yetu ya Nyiragongo inafuka moshi mwingi upande wetu usikinge: mvua inashuka na asidi, na majivu yake yanaganda kwenye majani.

MamaWaHimbi
Ni ya ziwa, kweli. Nilidhani yote ni vidukari. Lakini naogopa kukata majani mengi, si litakufa?

PapaTumaini
Usiogope, mama. Pita kwenye lava ya Nyiragongo iliyoshuka mwaka 2002, utaona makangaga yameota kwenye nyufa za mawe, pasipo udongo wa maana. Mmea wa jamii hiyo haufi kwa mkasi. Na mimi nimeelewa hoja ya tumbaku, nitamwambia na mke wangu maana tuna wajukuu.

MamaWaHimbi
Basi kesho asubuhi naanza na beseni. Swali la mwisho: kando yake kuna begonia, sijaona kitu juu yake.

BustaniKivu
Ioshe kesho hiyohiyo na uitenge kwenye chumba kingine. Wale wenye mabawa uliowaona ndio wanaohamia mmea wa pili. Kagua upande wa chini wa majani na vikonyo vya maua kila unapoosha kangaga. Na ukinunua mche mwingine kwa wauza maua wa barabarani, ukae peke yake wiki mbili kabla ya kuuingiza sebuleni.