Mdogo wangu anataka kuacha chuo acheze mpira, anasema hata Drogba alichelewa. Nimshauri nini?

Kaka_Mkubwa_Tanga: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 20, mshambuliaji namba 9, anacheza ndondo (mechi za mtaani) na ligi ya mkoa. Amepata chuo, uhasibu. Sasa anasema haendi, kuna jamaa anajiita wakala kamwahidi majaribio Uturuki, anataka milioni 4 za kuandaa safari. Nikimbana ananijibu, "Kaka, hata Drogba, yule mshambuliaji wa Chelsea, alichelewa kuanza soka la kulipwa." Mama ameanza kuulizia mnunuzi wa kiwanja. Nisaidieni.

Beki_Tatu: Milioni 4? Kimbia. Wakala wa kweli anakula kamisheni mchezaji akishasaini. Muombe jina kamili na leseni ya FIFA, kisha litafute mwenyewe kwenye tovuti yao. Barua ya mwaliko akikupa, ipigie klabu kwa namba uliyoitafuta wewe, siyo aliyokuandikia yeye.

Mzee_wa_Jukwaani: Dogo kasimuliwa nusu. Ni kweli Drogba alisaini mkataba wa kwanza wa kulipwa akiwa na miaka 21, Le Mans, daraja la pili Ufaransa. Ila pale pale Le Mans alikuwa anasoma chuo, tena uhasibu huo huo! Na hakuibukia mtaani. Alipelekwa Ufaransa akiwa na miaka mitano, kwa anko wake Michel Goba, mchezaji wa kulipwa. Le Mans majeraha yakamwandama, Januari 2002 akaenda Guingamp kwa hela ya mboga. Msimu wa 2002/03 akafunga mabao 17 ya ligi, katimu kale kakamaliza ka saba. Msimu mmoja Marseille, fainali ya Kombe la UEFA, na 2004 Chelsea wakatoa pauni milioni 24. Hapo ana miaka 26. Huko nyuma kote alikuwa ndani ya klabu, ana kocha na daktari.

Mwonyeshe dogo lile bao la Drogba fainali ya Ligi ya Mabingwa, Munich 2012, Chelsea na Bayern, dakika ya 88. Kona ya Mata, jamaa anachomoka katikati ya mabeki wa Bayern, anauwahi mpira mwamba wa karibu, kichwa cha nguvu. Ule mkimbio haujifunzi kwenye ndondo, samahani wapenzi wa ndondo.

Gunner_Kigamboni: Mzee umemkatisha tamaa mtoto. Ian Wright alikuwa anacheza ridhaa, Crystal Palace wakamsajili 1985 akikaribia miaka 22. Akaja kufunga mabao 185 Arsenal, rekodi ya klabu hadi Thierry Henry alipompita 2005. Ila skauti ndiye aliyemfuata, hakuna mama aliyeuza kiwanja.

Mama_Junior: Athibitishe udahili kwanza. Vyuo vina timu na mashindano yao, asajiliwe na timu ya huko mkoani pia. Nani kasema mtu hawezi kufanya mtihani na mazoezi?

Kaka_Mkubwa_Tanga: Nimemuuliza jamaa leseni, anasema "iko kwenye mchakato". Jina halipo FIFA. Mama kasitisha habari za kiwanja. Dogo kathibitisha chuo lakini kaninunia, hata chai kaenda kunywa kwa jirani.

Beki_Tatu: Atarudi akiona njaa. Anatumia mguu gani?

Kaka_Mkubwa_Tanga: Kushoto. Na kichwa anacho.

Beki_Tatu: Njoo PM. Namjua kocha wa timu ya Championship, daraja la pili hapa kwetu, wanafanya majaribio na hawachukui hata mia.