Sendofu ya dada: ukumbi wa Sinza wenye kila kitu, au gadeni Mbezi tujitegemee?

Kakamtu
Habari za jioni wadau. Dada yetu wa mwisho anaagwa mwaka huu kabla ya harusi yake, na mimi nimetupiwa uenyekiti wa kamati wakati sijawahi hata kuwa mjumbe. Mezani yamebaki mambo mawili. La kwanza ni ukumbi Sinza, wanatoa pakeji: mapambo, muziki, bafe, vyote ndani, wanahesabu kwa kichwa. La pili ni gadeni Mbezi, nyasi na miti, pazuri kweli, ila unakodi eneo tupu. Mahema, viti, wapishi na jenereta unatafuta mwenyewe. Kwenye karatasi gadeni inashuka karibu robo ya bei. Nyinyi mngeenda wapi? Kikao ni Jumapili.

Mama Kreti
Mwenyekiti, umetuletea hesabu bila namba. Watu wangapi? Lini? Na hiyo bajeti ni hela iliyoko kwa mweka hazina au ni ahadi?

Fundi Bomba
Gadeni, tena usijiulize mara mbili. Kumbi zote siku hizi ni moja, vitambaa vilevile, taa zilezile za zambarau, mtu akikuonyesha picha hujui ni harusi ya nani. Gadeni saa kumi na moja jioni, jua linashuka, mpiga picha hahitaji hata taa.

Mrombo wa Tabata
Kuna ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, au hakuna? Wanaooa ni watu wa wapi? Hayo ndiyo ya kuanzia.

Kakamtu
Watu 250, wakizidi sana 300. Bajeti milioni 12, mkononi ipo kama nne na nusu, nyingine ni ahadi. Tarehe ni Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Mrombo, ndafu haijazungumzwa.

Mama Kreti
Mungu wangu. Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, Dar es Salaam, katikati ya masika, na wewe unauliza kuhusu gadeni! Halafu Wakristo wote waliosubiri Kwaresima ipite wanaoa wiki hizo hizo. Mahema, viti, wapishi, hata hao MC wenu wanagombewa. Hiyo robo unayoiona kwenye karatasi itaishia kwenye mahema ya ziada na vifusi vya kumwaga getini ili magari yasizame.

Na kuhusu ahadi, nimekaa kamati nyingi. Mimi huhesabu nusu. Zikija zaidi tunaongeza soda.

Fundi Bomba
Mahema mazuri yapo dada, yana kuta na mifereji.

Mama Kreti
Hema linazuia mvua ya juu. Ya chini utaizuia na nini? Akina mama na viatu vyao virefu kwenye nyasi zilizolowa, kila hatua kisigino kinazama. Utawaona wamekaa tu, wanaogopa kwenda kutoa zawadi.

Jirani wa Ukonga
Mvua ni ya Mungu, mimi naogopa hilo neno la mleta mada, "wanahesabu kwa kichwa". Mkuu, hawahesabu vichwa. Wanahesabu sahani.

Mwaka juzi tulimuaga binti wa kaka yangu, mweka hazina nikiwa mimi. Ukumbi wa pakeji kama huo wako, siutaji. Tulilipia watu 220, mlangoni tukaweka vijana wawili wa kukagua kadi, nikajiona nimemaliza kazi. Saa tatu usiku chakula kikafunguliwa. Ikaitwa meza kuu, wakaitwa wazazi, wakafuata upande wa muoaji, halafu meza moja moja. Meza za nyuma hazijaitwa bado, MC akanijia huku anatabasamu kwa ajili ya kamera, akaninong'oneza, "Kuku ameisha, na wali unaelekea huko."

Nikaenda nyuma jikoni. Msimamizi hakuwa hata na wasiwasi. Akanionyesha mabeseni ya vyombo vichafu: "Bosi, zimetoka sahani 231. Ulilipia 220. Wewe ndiye ninayekudai." Na kule ukumbini nimewaacha watu kama 40 hawajagusa kijiko! Basi nikavua koti nikainama. Nimevaa tai, nahesabu sahani zenye mifupa ya watu. Zilikuwa 231 kweli, hakudanganya.

Ndipo tukaanza kuulizana. Wapiga matarumbeta walikula. Madereva wa msafara walikula. Watu wa video, vijana wa muziki, mpambaji na wasaidizi wake, wote kwenye sahani zetu. Watoto walioingia kwa kadi ya mama zao wamechukua sahani nzima, wamekula soseji moja wameacha. Wengine wamerudi na sahani mpya kuchukua matunda tu, nayo ikahesabiwa mtu.

Kinachoniuma ni mjomba wetu mkubwa kutoka Singida. Amekaa kwenye basi siku nzima, kakaa meza ya nyuma kwa sababu hakutaka makelele ya spika. Tulimletea chipsi mayai kutoka nje ya geti, kwenye mfuko. Alikula, akashukuru, hakusema neno. Mpaka leo akinipigia simu, kabla ya salamu ananiuliza, "Umeshakula?"

Kwa hiyo ukienda Sinza, andikishianeni: wafanyakazi wanakula nini na wapi, watoto wanahesabiwaje, sahani za matunda hazimo. Na jikoni weka mtu wenu. Usiweke kijana. Weka shangazi asiye na aibu, akae na daftari tangu masufuria yanashuka.

Binti Kisauni
Nimecheka na nimehuzunika pamoja. Sisi huku Mombasa mambo ya kuhesabu sahani hatuna. Mpishi anakodishwa yeye na masufuria yake, mchele na nyama wanunua mwenyewe, biriani yapakuliwa kwa sinia, watu wanne sinia moja, mkono na Bismillahi. Sinia likirudi na chakula lajazwa jingine. Hakuna bafe, hakuna foleni. Kwa nini msifanye hivyo?

Fundi Bomba
Ndiyo hiyo hiyo hoja yangu ya gadeni! Pilau la kuni, wapishi wako mwenyewe. Mimi napiga kilo moja ya mchele kwa watu saba kama kuna ndizi na vikorokoro vingine, watu watano kama ni pilau tupu.

Jirani wa Ukonga
Watano? Wa ukoo gani hao? Kwetu kilo ni ya watu wanne.

Mama Kreti
Pilau la kuni, mwezi wa nne, kuni zimelowa. Haya.

Kakamtu, uliza pia kuhusu vinywaji. Kumbi nyingi ukileta vyako zinakutoza kwa kila kreti unayoingiza, ukinunua kwao bei ni ya kwao. Na kabla ya kikao kuanza kubalianeni kreti tupu nani atazirudisha. Chupa zikipotea ni hela yenu.

Sauti ya Nyuma
Mnaongelea chakula, tatizo ni kadi. Punguzeni dabo. Kadi ya singo ni mtu mmoja, dabo ni watu wawili, lakini Mtanzania ukimpa dabo anakuja na mke, shemeji na mtoto wa jirani.

Binti Kisauni
Kadi ya singo?? Kwetu singo ni dawa ya kumsugua biharusi mwili ung'are. Nimesoma mara mbili nikidhani mwampaka mtu kadi.

Sauti ya Nyuma
Hahaha. Hapana dada, ni ya mlangoni. Mtu akichanga kiwango kidogo anapata singo, akichanga kikubwa anapata dabo.

Binti Kisauni
Kwa hiyo shangazi asiye na pesa haji kumuaga mtoto wa nduguye?

Sauti ya Nyuma
Anakuja, ila kadi yake inatoka kwa wazazi.

Jirani wa Ukonga
Inategemea ukoo. Nimewahi kuona mtu amerudishwa getini kwa sababu ahadi yake haijakamilika, na ni yeye aliyembeba bibi harusi mgongoni utotoni. Aibu.

Mrombo wa Tabata
Mnazunguka tu. Keki ya Kichaga inaliwa kwa vijiti, haihitaji sahani. Ndafu mbili hapo, mjomba wa Singida asingelala na chipsi.

Kakamtu
Nimesoma yote, asanteni. Nimempigia meneja wa Sinza nikamuuliza kuhusu sahani za matunda na wapiga matarumbeta. Amecheka, akasema, "Bosi, njoo tuongee." Mwenye gadeni naye anasema tarehe hiyo kuna mtu mwingine ameshaulizia, nitume kishika nafasi leo. Na sasa hivi mama ananiambia kuna ndugu wa Tabora wanakuja na basi zima. Hawamo kwenye wale 300.

Mama Kreti
Gadeni usitume hata shilingi kabla hujaiona siku mvua imenyesha. Na Sinza usiende peke yako.

Mgeni Uzini
Samahani kwa kuingilia uzi wa watu. Na mimi nina sherehe mwezi wa sita Kimara. Kuna anayewafahamu wapiga matarumbeta wazuri ambao wanakuja wameshakula kwao?