Kabati la jikoni linaacha ukuta, fisha zinatoka na skrubu zake

Kipimapembe:
Habari wakuu. Kabati la juu la jikoni, upana futi 4, ubao wa nyuma mm 18. Ukuta ni tofali za simenti inchi 6, umepigwa plasta. Nimetumia fisha (vile vya plastiki vinavyoingia shimoni kushika skrubu) za mm 6 na skrubu 8 za inchi 1½. Hata vyombo havijaingia, kushoto limeshaacha ukuta kama mm 5, na fisha mbili zimetoka zikiwa zimeng'ang'ania skrubu. Nihamie misumari ya zege?

FundiWaKona:
Mkuu, piga hesabu kwanza. Skrubu ya inchi 1½ ni mm 38. Ubao umekula 18, zimebaki 20. Plasta za nyumba zetu ni mm 15 hadi 20, na ukuta uliopinda unaweza kubeba hata 30. Kabati lako limeshikwa na plasta, tofali halijaguswa.

Chukua fisha za mm 8, urefu mm 40. Skrubu iwe ya mm 5 kwa 90: ubao 18, plasta 20, fisha 40, na ncha itokeze kidogo mbele ya fisha ndipo itanuke sawasawa. Shimo kutoka uso wa plasta liwe mm 80. Zungushia biti ya drili selotepu kwenye hiyo 80 usibahatishe. Toboa, puliza vumbi kwa pampu ya baiskeli (vumbi likibaki fisha haifiki mwisho), kisha isukume kwa skrubu hadi ivuke plasta na kukaa ndani ya tofali. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanaiacha mdomo ukiwa sawa na plasta.

Skrubu nyembamba usitumie. Kwenye fisha ya mm 8, skrubu ya mm 4 inazunguka tu.

Misumari ya zege sahau. Kwenye tofali inapasua na kulegea, kwenye zege gumu inaruka na kukutoboa jicho.

mbao_na_nondo:
Naongezea. Ukitoboa tofali, nyundo ya drili (ule mpigo) izimwe, zungusha tu. Tofali nyingi za mtaani zimebaniwa simenti, ukipiga nyundo shimo la 8 linatoka 10 na fisha inaelea. Nyundo washa ukifika kwenye nguzo au linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha). Utajua kwa vumbi: tofali linamwaga mchanga, zege linatoa unga laini na biti inakwenda kwa shida. Ikigoma kabisa na mlio ukabadilika, umegonga nondo. Usilazimishe, sogea sm 5.

Pia usitawanye skrubu nane ovyo. Uzito unavuta za juu kutoka ukutani, za chini zinasukumwa tu. Weka tano juu, chini mbili zinatosha. Mimi ningepasua ubao wa mninga wa inchi 1 kwa pembe ya nyuzi 45, nusu ifungwe ukutani, nusu nyuma ya kabati, kabati likaning'inia. Ukuta ukipinda, unaweka kipande cha plaiwudi nyuma ya ubao na pima maji inakaa.

Kipimapembe:
Asanteni. Yale mashimo ya zamani nijaze njiti za kiberiti?

FundiWaKona:
Njiti zinasagika, miezi miwili utarudi hapa. Kama tofali bado zima, panua shimo liwe la mm 10, fisha ya 10, skrubu ya mm 6 au zaidi. Kama limemung'unyuka, ziba kwa simenti na mchanga, mwagia maji kwanza, na toboa shimo jipya sm 6 pembeni. Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, waya hupanda wima hapo.

mbao_na_nondo:
Na tofali zikiwa za matundu, fisha ya kawaida inaangukia ndani. Tafuta ile ndefu inayojikunja ikikazwa. Ukizikosa dukani, toboa ukuta wote, pitisha bolti yenye washa pana upande wa pili. Haipendezi, lakini haitoki.