Koyote wa Colorado wanajibu mlio lakini hawasogei

Mteremko: Wakuu, nipo Colorado, Marekani, mwinuko wa kama mita 2,900, na ni Januari. Nikiiga mlio wa koyote (mnyama wa porini wa jamii ya mbwa) alfajiri najibiwa na wawili kutoka juu, kisha kimya. Nataka picha tu. Nakosea wapi?

Upepo_Kwanza: Mkuu, hao wako ndani ya mipaka yao na wewe huenda uko nje. Januari na Februari ni msimu wa kupandana, kila jozi inalinda eneo lake. Acha kubishana nao kwa mbali. Wasogelee kimya, umejificha nyuma ya miinuko, mpaka zibaki kama mita 400. Toa mlio mmoja au miwili mirefu ya koyote mpweke, bila kubweka, maana kubweka ni kuwatisha. Ngoja dakika 10. Kisha iga sungura aliyekamatwa, sauti ya chini, sekunde 30, nyamaza dakika 2 au 3, rudia. Usiondoke kabla ya nusu saa.

Ila kinachoharibu zaidi ni hewa. Kabla jua halijapiga mteremko, hewa baridi inateremka na harufu yako. Jua likishashika, inageuka kupanda. Koyote haji moja kwa moja, anazunguka akunuse kwanza. Kwa hiyo alfajiri kaa mahali penye uwazi chini yako, umwone kabla pua yake haijakufikia. Hewa inapogeuka, pumzika tu, harufu inazagaa kila upande.

Mteremko: Asante mkuu. Filimbi ninayoigia milio nayo inakatakata sauti.

Baridi_Kali: Mate yameganda kwenye ulimi wake, yaani kile kibamba chembamba cha ndani kinachotetemeka. Beba mbili, moja ikae ndani ya koti kifuani, na kung'uta mate kila ukimaliza kupuliza. Ukitumia spika ya kucheza milio badala ya filimbi, weka betri za lithiamu; za alkalini zinazimika haraka kwenye baridi. Iweke mita 30 pembeni yako, macho ya koyote yaende huko. Theluji mpya laini inameza sauti, hivyo ongeza sauti kidogo.

Nyayo: Tahadhari moja: sauti ya sungura inaita puma pia (paka mkubwa wa mwituni wa huko), naye huja kimya kabisa. Egemea mwamba au mti mnene. Na tangu Desemba 2023 mbwa mwitu wa kijivu (wolf, si wale wa Afrika) wamerudishwa Colorado, wanalindwa kisheria. Unyayo wa koyote ni kama sentimita 6 hadi 7. Ukikuta wa 11, huo ni wa mbwa mwitu, hamia bonde jingine.