Tupeane uzoefu: makomodoa wa zamani, watunza mashua, na Jumapili za Nairobi Dam

Ndugu wanachama, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeianzisha mada hii baada ya kukaa wiki nzima na albamu aliyoniachia marehemu shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa karani wa klabu moja ya mashua hapa Nairobi. Katika ukurasa wa nne ipo picha ya watu saba waliosimama kando ya maji, mashua mbili zikiwa zimepandishwa nchi kavu nyuma yao. Nyuma ya picha pameandikwa jina kamili la mmoja, cheo chake cha komodoa na mwaka alioshika uongozi, kisha yakafuata maneno mawili tu: “na wafanyakazi.” Watu sita wamepewa maneno mawili. Shangazi ndiye aliyeyaandika, nami nina hakika kwamba aliwajua wote sita kwa majina, kwa kuwa ndiye aliyewalipa mishahara. Aliandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi ya klabu kuandika.

Kwa wasiozijua klabu hizi, mwenyekiti wake huitwa komodoa, cheo kilichoazimwa kutoka jeshi la wanamaji, na chini yake huwa na makamu, mweka hazina na kamati. Kila anayemaliza muda wake huandikwa kwenye ubao ukutani kwa herufi za rangi ya dhahabu. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba tangu mwanzo uongozi wa mashua ulifungamana na karamu. Klabu ya Cork kule Ireland, ambayo asili yake ni mwaka 1720, ilimwita kiongozi wake admirali, na miongoni mwa kanuni zake za kwanza ilikuwamo iliyomkataza admirali kuwaandalia wenzake zaidi ya vyakula viwili vya nyama. Watu hawatungi kanuni bila kisa, kwa hiyo bila shaka walikuwapo waliokuwa wakishindana kwa masinia.

Hapa kwetu bwawa la Nairobi Dam lilijengwa mwaka 1953, kati ya Kibera na Lang'ata, ili liwe akiba ya maji ya jiji wakati wa dharura, na likaenea ekari zipatazo 88. Wapenzi wa mashua wakapata uwanja wao juu ya akiba hiyo. Naomba kila aliyefanya kazi pale, aliyezaliwa karibu na pale, au aliyekuwa na mzazi katika klabu yoyote ya mashua, aeleze alichokiona kwa macho yake. Majina ya makomodoa yamekwisha kuandikwa na yamehifadhiwa vyema. Ninachotafuta ni namna walivyoongoza, na watu waliowafanya waweze kuongoza.

*Mwanachama wa Makina, Kibera:*

Nashukuru kwa mada hii, ndugu yangu, kwani umegusa maisha ya baba yangu mzazi. Baba alizaliwa Matondoni, kisiwani Lamu, katika ukoo wa mafundi wa majahazi, akaja Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupanga chumba Pumwani kabla ya kuhamia huku. Alipofika bwawani aliajiriwa kama mfagiaji wa banda, maana hakuna aliyemuuliza alikuwa anajua nini. Siku moja mashua ilikuwa inarudi gatini na mwenyewe ameshindwa kuilaza kwa upepo, baba akaingia majini na nguo zake, akashika usukani na kuileta taratibu. Kuanzia siku hiyo akawa mtunza mashua.

Alituambia kwamba alilazimika kujifunza upya. Kule kwao mtu huujua mwaka kwa upepo: kaskazi ikiingia watu wanajua, kusi ikianza watu wanajua, na demani ina shughuli zake. Bwawani hakukuwa na hayo. Asubuhi maji yalikuwa shwari kabisa, upepo ukiamka karibu na adhuhuri, tena ukija kwa vipindi na kugeuka bila taarifa, kwa sababu ya miinuko na majengo ya kandokando. Hata vyombo vyenyewe vilikuwa tofauti. Jahazi la Lamu hukalafatiwa, yaani huzibwa nyufa zake, kwa pamba na mafuta na kupakwa deheni, ilhali zile mashua ndogo zilikuwa za mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, na baadaye za faiba, ambayo ikipasuka hutiwa kiraka cha kemikali inayowasha macho. Baba aliifanya kazi hiyo bila glavu kwa miaka mingi, na ngozi ya viganja vyake ikawa ngumu kama ya mtu aliyeungua.

Lakini alikuwa na elimu moja ambayo hakuna kitabu cha klabu kilichokuwa nayo. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto wa wanachama kupiga bisha, yaani kuupanda upepo kwa kwenda upande huu kisha upande ule mpaka ufike unakotaka. Aliwafundisha kwa maneno ya kwao, joshini, yaani upande upepo unakotoka, na demanini, upande unakoelekea, na baadhi ya watoto hao wakakua wakiyatumia maneno hayo hata wanapozungumza lugha nyingine.

Kuhusu makomodoa, ninawakumbuka wawili waliofuatana. Wa kwanza alifika kila Jumamosi kabla ya watu, akakunja suruali na kuingia kwenye tope pamoja na baba kuyahakiki maboya na minyororo ya nanga, kisha wakanywa chai ya mkandaa bandani wakiwa wameketi juu ya tanga lililokunjwa. Wa pili sikumwona akigusa maji hata siku moja, ila katika usiku wa kutoa vikombe alikuwa wa kwanza kusimama kupigwa picha. Ubaoni kila mmoja ana mstari wake mmoja, na herufi zao zinalingana.

*Stiwadi mstaafu, Kangemi:*

Mwanangu wa Makina, baba yako nilimfahamu kwa sura, Mungu amrehemu. Mimi sikuwa bwawani bali katika klabu nyingine ya mjini, lakini wanachama walikuwa wale wale, na usiku wa vikombe tuliazimwa kwenda kuwahudumia.

Ningependa vijana waelewe maisha ya jamii katika klabu hizi yalivyoendeshwa, kwa kuwa watu hudhani yalikuwa kunywa tu. Mwanachama hakulipa pesa taslimu. Alitia sahihi kwenye chiti, na sisi tulizikusanya chiti hizo kwenye msumari nyuma ya kaunta, kisha karani akazijumlisha mwisho wa mwezi na kupeleka hesabu. Stiwadi aliyepoteza chiti alikatwa mshahara, ndiyo maana hata leo siwezi kutupa karatasi yoyote yenye sahihi. Jumapili mchana palikuwa na mlo wa wali na mchuzi wa bizari wenye vikolezo kumi na zaidi katika vibakuli vidogo: nazi iliyokunwa, ndizi mbivu, achari, karanga na vinginevyo. Mlo huo ndio uliokuwa mkutano wa kweli. Kamati ilikutana rasmi mara moja kwa mwezi, lakini mambo mengi yalikuwa yamekwisha kuamuliwa mezani pale, wakati mimi nikizunguka na sinia la wali. Nilijua nani angekuwa komodoa mwaka ujao kabla yeye mwenyewe hajajua.

Tulivaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na tarbushi. Kanzu tulizifua wenyewe nyumbani kwa sabuni yetu. Komodoa mmoja alipoligundua hilo alipeleka pendekezo kwamba klabu igharimie ufuaji, likakataliwa. Akalirudisha mwezi uliofuata, likakataliwa tena. Mara ya tatu likapita. Sijui alikuwa baharia wa namna gani wala kama aliwahi kushinda kikombe. Mimi namkumbuka kwa kanzu.

*Mwalimu, Woodley:*

Yaliyosemwa na wazee hawa yamenirudisha kwenye swali la nani alikubaliwa kuwa mwanachama. Klabu ya mashua ya New York ilianzishwa mwaka 1844 ndani ya chombo cha John Cox Stevens, naye akawa komodoa wake wa kwanza; ilikuwa klabu ya matajiri waliojuana tangu mwanzo. Wengine walikuwa matajiri na bado mlango haukufunguliwa. Thomas Lipton, yule ambaye jina lake linasomeka kwenye pakiti za chai katika kila duka la Nairobi, alishindania kikombe cha America's Cup mara 5 kati ya mwaka 1899 na 1930 kwa vyombo alivyoviita Shamrock, na mara zote 5 alishindwa. Klabu kubwa kuliko zote ya Uingereza, Royal Yacht Squadron, ilimkubali mwaka 1931, mwaka ule ule aliofariki. Kwa muda wote huo alishindana kwa bendera ya Royal Ulster, klabu ya Ireland ya Kaskazini, kwani kwa mabwana wa Royal Yacht Squadron kule Cowes alikuwa muuza duka.

Ikiwa muuza duka mwenye mamilioni alingojea zaidi ya miaka 30, tafakarini basi nafasi ya Mwafrika au Mhindi katika klabu za Nairobi kabla ya mwaka 1963. Wagoa walijenga zao, Waismailia na Wahindu vivyo hivyo, kila jamii na ukumbi wake na mwenyekiti wake. Mwaka 1960 Kenya ilipeleka mashua katika michezo ya Olimpiki, na mashindano ya matanga yakafanyika katika ghuba ya Naples nchini Italia. Sisi wa shule tulisikia habari za wanariadha wetu kwenye redio, lakini habari za mashua sikuzisikia mpaka nilipokuwa mtu mzima.

*Mama wa Kaloleni:*

Nitasema kwa ufupi. Huku kwetu hatukuwa na maji wala matanga, lakini tulikuwa na ukumbi wa Kaloleni, na wenyeviti wa vyama vya kusaidiana walichaguliwa kwa makelele na hoja hadi usiku. Wao pia walikuwa na daftari la michango na dansi ya mwisho wa mwezi. Tofauti ni kwamba kwetu hapakuwa na ubao wa dhahabu, na daftari zilikaa chini ya vitanda mpaka panya wakazila. Yeyote aliye na daftari la aina hiyo asilitupe, tafadhali.

*Mkazi wa Nyayo Highrise:*

Nina umri wa miaka 26 na dirisha langu linalitazama bwawa. Sijawahi kuona tanga juu yake. Ninachokiona ni gugumaji na magugu mengine kutoka ukingo hadi ukingo, mashamba madogo ya nduma na mboga pembezoni, na mvua kubwa ikinyesha takataka kutoka juu huteremka na Mto Motoine na kuishia pale. Nilipokuwa mdogo bibi yangu alinionyesha kwa kidole mahali mashua zilipokuwa zikigeukia boya, nami niliyachukulia kuwa masimulizi ya kumlaza mtoto. Leo nimeyasoma maneno ya mzee wa Makina mara mbili. Naomba kuuliza: klabu ilipoyaona maji yakiharibika, viongozi wake walifanya nini?

*Mwanachama wa Makina, Kibera:*

Mwanangu, nijibu nilichokiona peke yake. Mwanzoni kamati ilikodi vijana wa kung'oa magugu kwa mikono, na baba akawa msimamizi wao. Waling'oa Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi njia ya mashua ilikuwa wazi. Kisha ikawa wazi nusu. Kisha mashua zikawa zinapwelewa juu ya majani, na wanachama wenye magari wakaanza kuzifunga juu ya trela na kwenda nazo Naivasha. Lawama za klabu peke yake hazitoshi kueleza jambo hili, kwa maana nyumba za Kibera hazikuwa na mabomba ya maji taka na maji hufuata mteremko. Ila ninasikitika kwamba walipohamisha mashua hakuna aliyekuja bandani kumwambia baba. Aliendelea kufika kazini kwa muda wa wiki kadhaa.

*Mwanzilishi wa mada:*

Wazee wangu, mama yangu na ndugu zangu, nimewasoma wote na nimeyanakili maneno yenu kwenye daftari. Jana nilimpelekea stiwadi wetu wa Kangemi ile picha, naye ameshawatambua wanne kati ya wale sita: mpishi, mlinzi wa usiku, dereva wa trela, na kijana wa kuokota mipira katika klabu jirani ambaye yaelekea alipita tu na akaitwa kupigwa picha. Wamebaki wawili. Mmoja amekaa chini mbele, uso umefichwa na kivuli cha tanga. Mwingine ni wa pili kutoka kushoto, mrefu, ameshika kasia wima kama mkuki, na amevaa kofia ya kufuma. Nilipoiona kofia nilidhani ni marehemu mzee wa Matondoni. Je, ndiye?

*Mwanachama wa Makina, Kibera:*

Nimeiona picha. Huyo siye baba. Baba alivaa kofia ya viua siku zote, hiyo ya kufuma hakuwa nayo, na asingeshika kasia namna hiyo, kwani kwao kasia halisimamishwi mtu akiwa hayumo chomboni. Huyo alikuwa msaidizi wake, aliyetokea upande wa Kilifi na kuondoka kabla mimi sijaanza shule. Baba alimwita Nahodha, nasi watoto tukamwita Mjomba Nahodha, kwa hiyo jina lake la kuzaliwa sikulisikia. Yule wa kivulini nitamtazama tena kesho kwenye mwanga, pamoja na dada yangu mkubwa.